Ziara ya siku moja vijiji vya wavuvi Fife, Uskoti: mwongozaji namba moja, tatizo ni ratiba

Kwa anayetaka jibu la haraka: nendeni, pesa yenu haitapotea, ila kama mnapenda bahari kweli msichukue hizi ziara za vijiji vitano pamoja na St Andrews ndani ya siku moja. Tafuteni inayosimama vijiji viwili vitatu na kukaa. Nimetoa nyota nne badala ya tano kwa sababu hiyo tu na naeleza kwa urefu kidogo, mana watu wengi wanaokuja Edinburgh huwa wananiuliza wakishamaliza kuona kasri wafanye nini, na wengi wanaishia kwenda ziwa Loch Ness ambako sehemu kubwa ya siku unakaa ndani ya basi, wakati huku Fife ukivuka daraja tu umeshafika pwani.

Mimi nakaa Glasgow, nilienda na mama mdogo aliyekuja kunitembelea kutoka Tanga. Mama mdogo ameuza samaki miaka na miaka pale sokoni Deep Sea, samaki akimtazama jicho tu anajua kalala barafuni siku ngapi, kwa hiyo sikuona maana ya kumzungusha madukani, nikamwambia mama twende ukaone wavuvi wa huku wanaishije. Kampuni siitaji jina, ziko kadhaa zinazopita njia hii na bei hazipishani sana, sisi tulilipa pauni 50 na kitu kila mmoja, chakula na viingilio unajilipia. Tulipanda basi dogo la watu 16, na hili zingatieni sana, vichochoro vya vile vijiji ni vyembamba, basi kubwa haliingii bandarini, linawaacha juu barabarani mteremke kwa miguu na kupanda tena, na kwa mtu mzima mwenye magoti yake hiyo peke yake inaweza kuharibu siku.

Mwongozaji ndo huyo huyo dereva, anaendesha huku anaongea kwenye maiki. Mzaliwa wa Fife, kwao wavuvi toka kwa babu, na jamani huyu baba ndo ziara yenyewe. Lafudhi yake mwanzoni inakupita, baada ya nusu saa sikio linazoea. Akiulizwa swali hajibu kwa kukariri, anafikiri kwanza. Mama mdogo alikuwa anauliza kwa Kiswahili mimi natafsiri, na huyu baba hakuonyesha hata mara moja kuchoka kusubiri, kuna mahali alipunguza mwendo kabisa ili amalize kumjibu.

Kituo cha kwanza South Queensferry, kupiga picha madaraja. Lile jekundu la reli lilifunguliwa 1890, lina urefu wa kama kilomita 2 na nusu na chuma zaidi ya tani 50,000, na ukilitazama unaona limejengwa kwa unene wa kupitiliza. Kumbe kuna sababu, mwaka 1879 daraja la Tay, kaskazini zaidi, lilianguka kwenye dhoruba treni ikiwa juu yake, watu wakaingia hofu, hivyo hili ikabidi lijengwe hivyo mpaka aliye mbali aone kwa macho kwamba halianguki. Pembeni yake kuna la magari la 1964 na jipya la 2017 ambalo ndo tulivukia. Dakika 20 zinatosha hapo. Asubuhi ile kulikuwa na ukungu wa baharini, wenyewe wanauita haar, unakuja toka baharini hata siku ya jua na kufunika kila kitu, nguzo zote zilikuwa zimekatwa juu. Saa nne na kitu ukawa umeondoka, lakini baridi yake inabaki, hata kiangazi chukua koti la kuzuia upepo, usidanganywe na jua la Edinburgh.

Elie hatukushuka. Kwenye tangazo imehesabiwa kama kijiji kimojawapo, ukweli ni kwamba tulipita dirishani, tukaonyeshwa ufukwe wa mchanga mzuri sana basi tukaendelea. Hili nililiandika kwenye fomu yao ya maoni na naliandika hapa pia: ukisema vijiji vitano mtu anategemea kukanyaga vijiji vitano.

St Monans tulishuka kidogo, na mimi hapa ningekaa hata asubuhi nzima. Kuna kanisa la miaka ya 1360, la wakati wa mfalme David wa Pili, limejengwa ukingoni kabisa mwa miamba, bahari ikichafuka mawimbi yanafika kwenye ukuta wa makaburi, na ndani imening'inizwa merikebu ndogo ya mbao toka darini. Mwongozaji akasema zamani msimu wa samaki heringi wakiingia, wavuvi walikuwa hawataki kengele ya kanisa ipigwe mana inafukuza samaki, na nguruwe ulikuwa humtaji kwa jina lake mbele ya mvuvi, ukimtaja haendi baharini siku hiyo. Mama mdogo hakushangaa hata kidogo. Akasema kila bahari ina miiko yake, wewe usitaje tu mambo ya watu.

Mbele kidogo ya kijiji kuna kinu cha upepo cha mawe, cha mwishoni mwa karne ya 18, kilikuwa kinavuta maji ya bahari kupeleka kwenye masufuria makubwa ya kuchemshia chumvi. Hili lilimkaa sana mama mdogo. Sisi chumvi tunaianika, jua linafanya kazi bure, hawa jua hawana ila makaa ya mawe walikuwa nayo chini ya miguu yao, Fife nzima ilikuwa na migodi, kwa hiyo wakachoma makaa usiku na mchana kupata chumvi. Ukishaelewa hivyo ndo unaona kijiji cha samaki, mgodi na chumvi vyote vilikuwa kitu kimoja. Tuliona kinu kwa mbali tu, kukifikia ni kutembea kama dakika 10 na muda hatukuwa nao.

Sasa Pittenweem. Kama utakumbuka jina moja tu kwenye maandishi haya kumbuka hili. Vile vijiji vingine bandari zimebaki na mitumbwi michache na watalii wengi, hapa bado ni kazi, kuna soko la samaki pale pale gatini, makreti yamepangwa, forklifti inapita, kunanuka samaki inavyotakiwa kunuka. Tulifika saa tano, mnada na purukushani za asubuhi zimeshaisha zamani, lakini kuna mvuvi alikuwa amekaa juu ya boya anatengeneza mitego yake ya kaa, na mama mdogo alivyoiona hakunisubiri nitafsiri, akaenda moja kwa moja akaishika.

Ni dema. Ya kwao ina fremu ya chuma imevalishwa nyavu na kuzungushiwa kamba nene, ina mdomo unaobana kuelekea ndani, samaki anaingia kirahisi kutoka hajui pa kupitia, chambo kinafungwa katikati. Mama mdogo akaingiza mkono kwenye ule mdomo, akaugeuza, akauvuta uzi kuona ulivyofungwa. Mvuvi akamuuliza, na wewe unatega? "Mwambie anatega mume wangu, mimi nauza," akasema, "na mwambie sisi tunasuka kwa mianzi, tunategea changu na tasi, kaa na kamba hatuwategi humo." Mvuvi akataka kujua ya mianzi inadumu muda gani majini. Miezi tu, mama mdogo akajibu. Mvuvi akasema yake inakaa miaka ikitunzwa, kinachoipoteza ni dhoruba. Wakaongea hivyo kama watu wanaojuana, mimi katikati nakimbizana na maneno, na yule baba akafungua kreti akatutolea kamba koche mmoja. Huyu si kama wetu. Wetu hana magando, ana miiba na masharubu marefu, huyu ana magando mawili mazito, moja nene la kuvunjia na jingine jembamba la kukatia, yamefungwa mpira wa bluu asiumane na wenzake, na mgongo ni bluu nzito karibu na nyeusi yenye madoa madoa, wekundu mpaka apikwe. Akatuonyesha na kipimo cha chuma anachoweka mgongoni, asiyefika kipimo anarudi majini.

Mama mdogo akauliza wanakwenda wapi hawa. Sehemu kubwa Hispania na Ufaransa, wanasafirishwa wakiwa hai. Akatikisa kichwa, "kama pweza wetu tu, wazuri wote wanapanda gari." Na yule mvuvi nilipomtafsiria akacheka akasema ndivyo ilivyo.

Hapo hapo mwongozaji akatupungia mkono, dakika 25 zimeisha. Yaani kitu ambacho hela yoyote haikununulii, mvuvi wa Fife na muuza samaki wa Tanga wameshika mtego mmoja, kikakatishwa ili tuwahi mbele. Simlaumu yeye, alikuwa anaona kabisa na uso ulimshuka, ratiba imepangwa ofisini na mtu mwingine, na huyo mtu ndo namuandikia hapa.

Kitu kingine cha Pittenweem, mwongozaji alikisimulia tukiwa tunatoka na basi zima likanyamaza. Mwaka 1705 umati wa watu wa kijiji hicho ulimuua mwanamke anaitwa Janet Cornfoot kwa tuhuma za uchawi, walimlaza pale ufukweni wakamfunika mlango juu yake wakapanga mawe mpaka akafa, na hakuna aliyeadhibiwa. Hakusimulia kama hadithi ya kutisha ya kuuzia tiketi, alitaja jina, mwaka, akasema wale walikuwa majirani zake. Sisi tunatoka nchi ambayo bibi zetu wameuawa kwa sababu ya macho mekundu tu ya moshi wa jikoni, tena si miaka 300 iliyopita. Mama mdogo alisoma dua kimya kimya. Namheshimu sana huyu baba kwa namna alivyolisema lile jambo.

Anstruther ndo chakula cha mchana, mnakaa muda wa saa moja na robo. Wote wanakwenda Anstruther Fish Bar, duka la samaki na chipsi lenye jina Uskoti nzima, na foleni inatoka nje inafuata ukuta. Samaki wa huku ni hadoki (haddock), si cod kama England, ukimuagiza na chipsi wanaita fish supper hata kama ni mchana. Alikuwa mtamu kweli, unga umekauka juu, nyama ndani inaachana vipande vyeupe vyenye maji maji, siki na chumvi basi. Mama mdogo aliyekuwa na wasiwasi na samaki asiye na ndimu wala pilipili alimaliza wake wote, akasema tatizo la samaki huyu ni moja, ngozi wameitoa. Kulieni ndani au mjifiche, ndege wa baharini pale wanashuka mpaka mkononi. Na Waislamu wenzangu, ulizeni mafuta kabla ya kuagiza, maduka mengi ya chipsi Uskoti yanakaanga kwa mafuta ya ng'ombe, na wengine wanatia bia kwenye unga, wanaulizwa kila siku na wanajibu vizuri bila kununa.

Lakini sasa, ukipanga foleni hupati Makumbusho ya Uvuvi ya Uskoti, na makumbusho yako hapo hapo bandarini, mwendo mfupi tu, yapo pale tangu 1969. Muda hautoshi vyote viwili. Sisi tulikula haraka tukaingia nusu saa, tiketi juu yetu, na nusu saa hiyo ni kuyaonea. Ndani kuna mashua nzima ya zamani aina ya Zulu, ndiyo, Zulu, aina hiyo ilianza kujengwa 1879 mwaka wa vita vya Waingereza na Wazulu kule Afrika Kusini na jina likabaki. Sijui mtu mweusi mwingine aliyesimama pale alihisi nini, mimi nilisimama muda nikiwaza jina la taifa la watu limefikaje kwenye mashua ya heringi ya Uskoti.

Na kuna sehemu ya wanawake. Heringi ni jamaa wa dagaa ila mkubwa kuliko, na zamani ndo alikuwa utajiri wa pwani hii yote, akikolezwa chumvi kwenye mapipa anapelekwa Ujerumani na Urusi. Waliokuwa wanampasua ni wasichana, wanazifuata mashua toka Shetland kule juu kabisa mpaka Great Yarmouth England, wanafanya kazi watatu watatu, wawili wanatumbua, mmoja anapanga kwenye pipa, na kisu kilivyokuwa kinakwenda wanasema samaki mpaka 60 kwa dakika. Vidole vyote wamevifunga vitambaa na uzi, kwa sababu ukijikata chumvi ndo inaingia hapo hapo na kesho unarudi kazini na kidonda hicho hicho. Mama mdogo akaangalia zile picha, akaangalia mikono yake, akaniambia nimsomee yale maandishi ya chini yote, neno kwa neno, nisiruke. Tulikuwa bado tunasoma muda ukaisha. Heringi wenyewe wa baridi waliokuwa wanaingia ghuba ya Forth walitoweka kwenye miaka ya 1940. Kuna pia chumba cha ukumbusho wa wavuvi wote wa Uskoti waliopotea baharini, hicho tulichungulia tu mlangoni, inauma.

Crail kila mtu ameiona kwenye picha hata kama hajui ni Crail, kibandari kidogo cha mawe, nyumba nyeupe zenye ukuta wa ngazi ngazi juu na vigae vyekundu, vigae vya mtindo uliokuja na biashara ya Uholanzi. Njia ya kushuka ni mteremko wa mawe, mama mdogo nilimshika mkono. Tulivyofika chini maji yalikuwa yamekupwa, mashua zote zimelalia matope ubavu, watu wa basi letu wakawa wanauliza kwani bandari imeharibika. Haijaharibika, huku bamvua maji yanashuka karibu mita 5, Crail na St Monans zinakauka kabisa. Sisi wa pwani tunajua kuangalia jedwali la maji kabla ya kutoka, na ndo ushauri wangu, angalia maji Anstruther yanajaa saa ngapi siku hiyo ndo uchague tarehe, kampuni haiwezi kubadilisha ratiba kwa ajili ya maji lakini wewe tarehe unaweza. Mwongozaji alituambia pia nyumba nyingi hapa na Elie ni za mapumziko za watu wa mjini, baridi ikianza madirisha hayawaki, na kijana anayetaka kuvua hawezi kununua nyumba inayotazama bandari aliyozaliwa. Mama mdogo akauliza, sasa wavuvi wanalala wapi? Ndani ndani huko, mbali na maji, akajibiwa.

St Andrews masaa mawili na nusu. Ni mji mzuri, chuo kikuu chake ni cha 1413, magofu ya kanisa kuu lililowekwa wakfu 1318 yanatisha kwa ukubwa, na mpenzi wa mchezo wa gofu ataona uwanja wake. Lakini ndo muda wote ulikokwenda. Masaa mawili na nusu kwa mji wenye maduka yale yale ya kahawa, dakika 25 kwa Pittenweem. Ungegeuza hivyo, hii ziara ningeipa hata nyota sita. Tulikaa kwenye benchi tukanywa chai, mama mdogo akalala kidogo.

Kwa hiyo ukipiga simu kabla ya kulipa, uliza maswali matatu: mnashuka vijiji vingapi kwa miguu, Anstruther mnakaa muda gani, na mnafika Pittenweem saa ngapi. Wakisita kwenye la kwanza, tafuta wengine. Ukiwa na mzazi au mgeni asiyejua Kiingereza bado chukua ziara ya mwongozaji, ule usimulizi hautaupata peke yako, na umtunze kidogo mwishoni, wanastahili. Ila kama mko vijana na miguu mnayo, treni sasa inafika Leven tangu 2024, hapo unapanda basi namba 95 linapita vijiji vyote mpaka St Andrews, unashuka unapotaka unapanda linalofuata, na njia ya pwani ya kutembea toka Pittenweem mpaka Anstruther ni kama nusu saa tu bahari ikiwa pembeni yako muda wote. Kiangazi toka Anstruther kuna boti za kwenda Isle of May kuona ndege wale wa midomo ya rangi (puffin), wapo mpaka mwanzoni mwa Agosti, hiyo ni siku yake yenyewe usiichanganye na kitu kingine. Agosti hiyo hiyo Pittenweem kuna tamasha la sanaa, watu wanafungua nyumba zao kuonyesha picha, kunajaa sana, ukitaka kuongea na mvuvi nenda kabla ya hapo, na nenda asubuhi.